Farasi kwenye njia za mlimani: yanayosemwa Moshi na yalivyo kweli

Ukipita na farasi katikati ya vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, upande wa Machame kwenye mteremko wa Kilimanjaro, hukosi maneno. Watoto watakukimbilia wakipiga kelele, na watu wazima watakuuliza maswali ambayo majibu yake wanayo tayari. Sisi tunaojitolea kutunza njia hizo tumesikia mengi. Machache ni kweli nusu, na hayo ndiyo magumu kuyajibu.

"Farasi ni starehe ya Wazungu na matajiri."

Kumfuga ni gharama, sibishi. Ila uchache wa farasi kwetu umeletwa zaidi na maradhi. Ndorobo hueneza nagana, ugonjwa wa malale wa wanyama. Usubi, vijidudu vidogo kuliko mbu, hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao ukimpata farasi asiyechanjwa mara nyingi humuua ndani ya siku chache. Pundamilia huubeba bila kuumwa, na pundamilia hawako mbali nasi. Ndiyo maana saisi (mtunza farasi) mzoefu huwaingiza farasi bandani kabla jua halijazama, maana usubi huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri. Nenda milima ya Lesotho au nyanda za juu za Ethiopia, kwenye baridi inayowapunguza wadudu hao: mkulima wa kawaida anapanda farasi kwenda sokoni na hakuna anayemshangaa.

"Ardhi ya umma haina mwenyewe, pita unapotaka."

Hii husemwa na wapandaji wenyewe, na ndiyo inayotugombanisha na wanakijiji kuliko nyingine zote. Ni kweli kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Ndivyo zinavyosema Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999. Wengi huishia hapo kusoma. Sheria hizohizo zinaigawa ardhi mafungu matatu, ardhi ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi, na kila fungu lina msimamizi wake wa kuombwa ruhusa.

Njia moja tu ya kupanda juu inaweza kuanzia barabara ya kijiji, ikapita ubavuni mwa kihamba chenye mimea ya masale mpakani, ikagusa ule ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani, halafu ikafika msituni. Msitu wenyewe uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Hapo hakuna cha "babu yangu alipita hapa". Ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na geti na taratibu zake.

Kwa hiyo kazi yetu kubwa haifanywi kwa jembe. Ni kwenda ofisi ya kijiji, kumsubiri mtendaji arudi kutoka msibani, kuomba suala la njia liingie kwenye mkutano mkuu, kisha kukaa kusikiliza. Katika mkutano mmoja mama mmoja alisimama na kusema, "Wanangu, mnaiita njia, lakini pale ni ukingo wa mfongo." Mfongo ni mfereji wa jadi wa kumwagilia mashamba kwa zamu. Akaeleza vizuri kuliko mtaalamu yeyote: ukingo ni udongo mtupu, kwato moja ikiubomoa, maji ya zamu yako yanaishia kwa jirani, na zamu ikipita imepita. Wenye mfongo ndio waliochagua mahali pa kuvukia, wakapapanga mawe. Kila mpandaji anashuka hapo na kumwongoza farasi kwa hatamu, hata kama ni mgeni aliyelipia kukaa kwenye tandiko.

"Farasi ndio wanaokula njia."

Nusu kweli. Mnyama wa kilo 450, juu yake mtu, uzito wote umeshukia kwato nne: udongo wetu wa volkano ukiloa anauchimba kuliko mtembea kwa miguu. Lakini korongo linalofika magotini hachimbi farasi. Linachimbwa na maji yanayoteremka katikati ya njia bila kupewa pa kutokea, na bodaboda wanaopanda humohumo wakati wa mvua wanayaongezea mtaro.

Dawa yake ni mchepuo. Unachimba mfereji mfupi kukata njia kwa mshazari, unafukia gogo au mawe kwenye ukuta wake wa upande wa bondeni, na mdomo wake unautoa kwenye majani, usiuelekeze shambani kwa mtu. Anayechimba moja kwa moja kukata njia hupata dimbwi, kwa kuwa maji yanasimama, yanamwaga tope, na mvua ya tatu inapita juu. Hata uliochimbwa vizuri unahitaji kuzibuliwa. Na masika, Machi hadi Mei, farasi wanabaki kwenye barabara za changarawe chini. Wenye wageni wanalalamika. Walalamike tu.

"Wanajitolea? Lazima kuna mfadhili."

Ajabu kulisikia hili Kilimanjaro, kwa watu wa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji isiyo na malipo. Wala si kwetu tu. Marekani kuna Back Country Horsemen, chama kilichoanzia jimbo la Montana mwaka 1973, ambacho wanachama wake hufyeka njia za misitu ya serikali kwa kujitolea. Kwenye maeneo yanayolindwa na sheria yao ya mwaka 1964 kuhusu nyika, injini hairuhusiwi, kwa hiyo mti ulioanguka hukatwa kwa msumeno wa kuvutana watu wawili, na vifaa hubebwa na farasi na baghala. Sisi tuna mapanga, majembe na sururu, kila mtu na lake kutoka nyumbani, na chai ya yule ambaye njia inapita kwake.

"Mavi yao yanachafua mazingira."

Msituni, ndiyo, yana hoja: mbegu za magugu hupita tumboni mwa farasi zikiwa hai, na ni vyema asilishwe majani ya ovyo siku chache kabla ya kupanda huko. Kwenye vihamba hilo halijawahi kuwa tatizo. Migomba inataka samadi, na ugomvi tuliowahi kuamua kuhusu mavi ulikuwa wa majirani wawili waliofika na matoroli kwa wakati mmoja.