Maharage mia na boksi la bahati

"Shangazi, imebaki kidogo tu itoke."

Aliyeniambia maneno hayo ni mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu. Ilikuwa siku ambayo mama yake aligundua kwamba shilingi 37,500 zimetoka kwenye simu yake ndani ya wiki mbili, zote kwa mafungu ya 2,500. Kijana hakukana kosa. Alichokuwa anatetea ni hesabu yake. Alikuwa anatafuta kadi ya mshambuliaji mmoja kwenye gemu ya mpira, na gemu yenyewe imeandika wazi kwamba kadi hiyo ina nafasi ya asilimia 1 katika kila boksi la shilingi 2,500. Ameshafungua 15. Kwa hiyo, kwa akili yake, amebakiza 85, na pengine pungufu ya hapo. Mama yake kumwambia aache sasa ilikuwa sawa na kumshusha garini akiwa ameshafika Chalinze.

Mimi nafundisha takwimu na uwezekano chuoni. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi, na bado sentensi ile ilinikaa moyoni siku nzima, kwa sababu hata wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wangeitamka. Nafasi yake ya kuipata ile kadi katika maboksi 15 ilikuwa kama asilimia 14. Ameikosa. Boksi la 16 lina asilimia 1, vilevile kama la kwanza. Hajasogea hata hatua moja.

Kwa asiyecheza: boksi la bahati ni kitu unachokilipia ndani ya gemu kabla ya kujua kina nini. Wa mpira wanaita paki, Wajapani wanaita gacha, kwingine ni kasha linalofunguliwa kwa ufunguo unaouzwa. Watu huniuliza kama maboksi haya yana mvuto wa kweli, au ni watoto tu wanaopumbazwa. Yana mvuto. Nisingependa mzazi yeyote aanze mazungumzo na mwanawe kwa kukana jambo hilo, maana mtoto atajua papo hapo kwamba anaongea na mtu asiyewahi kufungua hata moja.

Nilipakua ile gemu nikanunua maboksi manne kwa pesa yangu. Ukibonyeza, kioo kinakuwa giza. Boksi linatetemeka. Mwanga unaanza kupenya kwenye mfuniko, kwanza mweupe, halafu wa buluu, na ukikaribia kufunguka ndipo unajua kama utageuka dhahabu au utabaki hapo. La tatu liligeuka dhahabu, nikajikuta nimesimama katikati ya sebule. Iliyotoka ni kadi ya beki nisiyemjua. Na la nne nililifungua bila kukumbuka kwamba nimeamua kulifungua. Hilo la nne ndilo lililonifundisha zaidi, kwa sababu nilikuwa nimekaa pale makusudi kujichunguza.

Gemu za namna hii kwa kawaida huwa zimeshachagua utakachopata mara tu unapobonyeza. Mwanga, mtetemo, na katika gemu nyingine ule mstari wa picha unaopita mbele yako ukipunguza mwendo taratibu hadi picha ya zawadi ya thamani, tuseme kisu, inasimama nyumba moja tu kando ya mshale, vyote vinakuja baada ya jibu kupatikana. Sekunde zile nne au tano hazina kazi nyingine isipokuwa kukufanya uone umekaribia. Ndizo unazolipia. Kadi ni risiti.

Mwaka 1957, mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner na mwenzake Charles Ferster walichapisha matokeo ya majaribio ya miaka mingi yaliyofanywa hasa kwa njiwa. Njiwa anadonoa kitufe, anapata punje. Akilipwa kila baada ya idadi ileile ya midonoo, anafanya kazi, anakula, halafu anapumzika kidogo. Akilipwa kwa idadi inayobadilikabadilika, mara baada ya midonoo 5, mara 60, mara 12, kupumzika kunakaribia kutoweka. Anadonoa mfululizo, na punje zikikatizwa kabisa anaendelea kwa muda mrefu. Hakuna aliyemdanganya njiwa yule. Ratiba ya malipo peke yake inatosha.

Ndiyo maana silinganishi maboksi haya na pata potea ya stendi. Mwenye pata potea anaficha karata kwa wepesi wa mkono. Ukimkamata mkono umemmaliza. Hapa nafasi imeandikwa, mtoto ameisoma, na bado haijamsaidia kitu. Kwa hiyo shida iko kwenye namna tunavyosoma ile asilimia.

Darasani nina njia moja ya kuifundisha ambayo sijapata bora kuliko hiyo. Natia kwenye mfuko maharage 99 meupe na moja jekundu. Mwanafunzi anachota moja bila kuangalia, anaandika rangi, analirudisha, anatikisa mfuko, anachota tena. Mara mia. Kabla hawajaanza nawauliza: wangapi kati yenu watalipata jekundu angalau mara moja? Karibu wote hunyoosha mikono kwamba watalipata, maana ni moja kati ya mia na wanachota mara mia. Mwaka jana walikuwa 30, na 12 hawakuliona kabisa. Hesabu inasema tutegemee kama 11. Kati ya watu wanaochota mara mia kila mmoja, zaidi ya theluthi moja watatoka mikono mitupu. Wakichota mara mia tatu, 5 kati ya kila watu 100 bado watatoka hivyo. Mfuko haukumbuki ulichochota jana.

Sasa hamisha maharage hayo uyapeleke kwenye biashara ya kweli. Mwaka 2017 China ilianza kuzilazimisha kampuni zitangaze nafasi za vitu vinavyotoka kwenye maboksi, na kupitia sheria hiyo dunia ikaona namba za makasha ya Counter-Strike: Global Offensive, gemu ya kupigana kwa bunduki. Karibu asilimia 80 ya makasha yanatoa bidhaa ya daraja la chini kabisa. Vile visu ambavyo kila mtu anavitaka vina asilimia 0.26. Ufunguo wa kasha moja ulikuwa unauzwa dola 2.49. Ukipiga hesabu, kisu kimoja kwa wastani kinahitaji makasha 385, yaani kama dola 958. Na katika kila watu 100 watakaofungua makasha hayo 385, watu 37 hawatakuwa na kisu.

Kuna aina moja mbaya kuliko hii, na ninaielewa vizuri kwa sababu niliicheza nikiwa na miaka tisa bila simu wala umeme. Tulikuwa Tanga. Kulikuwa na shindano la vizibo vya soda. Chini ya kila kizibo kuna kipande cha picha ya baiskeli, ukikamilisha vipande sita unapewa baiskeli yenyewe. Mtaa wetu wote ulikuwa na magurudumu. Minyororo ilikuwepo, tandiko lilikuwepo, kaka yangu alikuwa na pedali nne. Hakuna aliyekuwa na usukani. Tuliokota vizibo mpaka nje ya kumbi za harusi.

Chukua vipande sita vinavyopatikana kwa usawa kabisa, bila hila yoyote. Cha kwanza unakipata kwa kizibo kimoja. Vitatu vya mwanzo kwa jumla vinakugharimu vizibo vinne hivi. Halafu mambo yanageuka: vitatu vya mwisho vinataka 11, na kile cha sita peke yake kinataka 6. Mwanzoni kila unachofungua ni kipya, unafurahi, unaona mkusanyiko unajaa. Ukifika katikati ndipo mlima unaanza, na wakati huo umeshawekeza kiasi cha kuona aibu kuacha. Waliosema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga hawakuwa wanazungumzia simu, lakini mtengenezaji wa mchezo wa namna hii anaitegemea tabia hiyohiyo. Na hapo bado hajakifanya kipande cha mwisho kuwa adimu kuliko vingine. Akikipa asilimia 1, usukani wako umerudi kwenye mfuko wa maharage.

Wajapani walikuwa na jina la mchezo huo kwenye simu: kompu gacha, yaani gacha ya kukamilisha seti. Mei 2012 shirika la serikali yao linaloshughulikia masuala ya walaji lilieleza kwamba inakiuka sheria ya zawadi zinazopotosha wanunuzi, hisa za kampuni za gemu za simu GREE na DeNA zikaporomoka, na kampuni zikaiondoa. Gacha ya kawaida ikabaki. Naona walikata mahali sahihi, ingawa walikata padogo.

Siku hizi gemu nyingi zimeweka kifuta machozi: ukikosa mara kadhaa, mara inayofuata unapewa kwa lazima. Katika gemu ya Genshin Impact mhusika wa nyota tano, yaani wa daraja la juu, ana nafasi ya msingi ya asilimia 0.6 kwa kila jaribio, na ukifika jaribio la 90 lazima atoke mmoja. Lakini anayetoka anaweza asiwe yule aliyetangazwa, ukalazimika kuanza safari nyingine ya hadi majaribio 90. Watu husifu mfumo huu kwa huruma yake, na kweli unamwokoa yule ambaye angekosa mara mia tano. Mimi unanitia wasiwasi. Ule uongo wa "imebaki kidogo tu" unageuka kuwa kweli: aliyefika jaribio la 70 kweli amekaribia, na kuacha hapo ni hasara. Mkono unaomfuta machozi ndio unaomshika asiondoke.

Gemu hiyohiyo ilikuwa hairuhusu ulipe jaribio kwa dola moja kwa moja. Dola ilinunua fuwele, fuwele zikabadilishwa kuwa vito, vito 160 vikanunua jaribio moja. Kufika jaribio la 180 bila vito vya bure kulikuwa zaidi ya dola 300, ila hapakuwa na mahali kwenye safari hiyo ambapo mchezaji aliiona namba hiyo imeandikwa. Januari 2025 kampuni inayoiendesha ilikubaliana na Tume ya Biashara ya Marekani kulipa dola milioni 20, kutowauzia maboksi walio chini ya miaka 16 bila ridhaa ya mzazi, na kueleza wazi nafasi na viwango vya kubadilisha sarafu hizo.

Je, ni kamari? Majirani wawili wa Ulaya walijibu tofauti. Tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema mwaka 2018 kwamba ni kamari: kuna mchezo, kuna dau, kuna kupata na kukosa, kuna bahati. Uholanzi iliipiga kampuni ya gemu ya EA faini ya euro milioni 10 kwa paki za gemu yake ya mpira, FIFA, na Machi 2022 baraza lao la juu la sheria za utawala likaifuta, likisema paki si mchezo unaojitegemea bali ni sehemu ya gemu ya mpira inayohitaji ujuzi. Na Ubelgiji yenyewe, mtafiti Leon Xiao alipochunguza gemu 100 za iPhone zinazoongoza kwa mapato nchini humo, alikuta 82 bado zina maboksi. Utafiti mwingine, wa David Zendle na Paul Cairns wa mwaka 2018 kwa wachezaji 7,422, ulionyesha kwamba kadiri mtu anavyokuwa na tatizo kubwa la kamari ndivyo anavyotumia fedha nyingi kwenye maboksi. Kama maboksi yanawatia watu kwenye kamari au wacheza kamari wanayafuata maboksi, utafiti ule hauamui. Na kwangu mimi njia zote mbili zinatisha, maana kwa vyovyote vile pesa inatoka kwa wale wasioweza kujizuia.

Mtoto wa kaka yangu alichota maharage jikoni kwangu Jumamosi ile hadi adhana ya magharibi. Alilipata jekundu mara ya 41, akaruka juu. Nikamwambia aendelee mpaka alipate tena. Alipofika 200 aliuliza kama jekundu bado limo mfukoni, akaumwaga wote mezani kulitafuta. Lilikuwemo.

Sitaki kampuni ziache tu asilimia pale. Asilimia imeshindwa, nimeiona ikishindwa kwa watu ninaowafundisha kwa mshahara. Nataka waandike pesa, kwa fedha ya nchi ya mnunuzi, juu ya kitufe chenyewe. Kwa lile boksi la shilingi 2,500 lenye kadi ya asilimia 1, maandishi yangekuwa mafupi: "Nusu ya wanaoitafuta kadi hii watatumia zaidi ya shilingi 172,500. Mmoja kati ya kumi atafika shilingi 575,000 bila kuipata." Hesabu hiyo inachukua mstari mmoja kwenye kikokotoo, na wanaoandika programu zao wanaijua. Nilimwandikia kijana sentensi hizo mbili kwa kalamu nyuma ya daftari lake la hisabati. Akazisoma mara mbili, akaniuliza: "Shangazi, mbona hawaandiki hivi?"