Kelele za Boti ya Jeti Si Kipimo cha Nguvu

Wiki hii tena nimetumiwa video. Boti ya jeti, yaani inayosukumwa na maji yanayotupwa nyuma na pampu badala ya propela, imefungwa gatini, muuzaji anapiga resi mpaka maji yanaruka tezini, na mteja ananiandikia: "Fundi, sikia ngurumo hiyo, hii si ina nguvu?" Video ile haikuonyesha nguvu hata kidogo. Ilionyesha kwamba injini inawaka na kwamba kuna mtu ameichezea sailensa. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno hapa Mtwapa, pwani ya Kenya, kwa watu wa mahoteli na kwa wanaotafuta boti ya familia. Leo naliandika lote mahali pamoja, kwa sababu naona watu wakitoa pesa nyingi kwa imani isiyo na msingi.

Anza na hesabu ya sauti. Rotax, watengenezaji wa injini, wana injini ya sentimita za ujazo 1,630 inayotoka kwa ngazi mbalimbali: iko ya hosi pawa 170 isiyo na supachaja (mtambo unaoshindilia hewa ndani ya injini), na iko ya 300 yenye supachaja. Tuseme sauti inafuata nguvu sawasawa. Haifuati, lakini tuseme. Kutoka 170 hadi 300 ungepata nyongeza ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) mbili na nusu tu, na sikio la mtu huhisi sauti imekuwa maradufu inapoongezeka desibeli kumi hivi. Yaani nguvu imekaribia kuwa mara mbili, na wewe uliyesimama gatini ungeigundua tofauti kwa shida. Lakini itoboe sailensa ya ile ya 170, au toa eksosi yake juu ya maji badala ya kuizamisha, uone kama wenye nyumba za ng'ambo hawatatoka nje. Unachosikia pale ni njia ya moshi. Hosi pawa hazina sauti yake.

Supachaja nayo ina mluzi wake mwembamba, na wengi huusikia wakadhani ndio nguvu inayolia. Ni mtambo unaozunguka kwa kasi kubwa sana, basi.

Namba ya hosi pawa iliyobandikwa kwenye kifuniko cha injini nitaipita haraka. Imepimwa kwa mizunguko fulani, na kipimo cha kimataifa huchukua hewa ya nyuzi 25. Februari yetu pwani ina joto zaidi na unyevu tele, kwa hiyo asilimia chache zimeondoka kabla boti haijaingia majini. Kama ni mashine ya kufunga nje tezini iliyovuliwa propela ikavishwa jeti, hasara ni kubwa: mashine ya kampuni ya Mercury ya 115 ikivishwa jeti huuzwa kama 80, na ya 60 huuzwa kama 40. Boti iliyojengwa kwa jeti tangu mwanzo ina nafuu, na kuanzia mwendo wa noti 25 hivi (kilomita 46 kwa saa) kwenda juu pengo kati yake na propela hupungua sana. Hasara hiyo unaikubali kwa sababu unataka kupita maji mafupi na hutaki panga linalozunguka karibu na waogeleaji. Bill Hamilton wa New Zealand alitengeneza boti yake ya jeti mwaka 1954 kwa ajili ya mito mifupi yenye kokoto, na sababu hiyo haijabadilika.

Sasa pampu, ambayo hakuna mteja anayeniuliza habari zake.

Impela, yaani feni ya pampu, imo ndani ya bomba, inavuta maji chini ya boti kupitia kwenye chanja (vyuma vinavyozuia takataka) na kuyatupa nje kwenye pua ya bomba. Nguvu inayohitajika kuizungusha hupanda kwa kipeo cha tatu cha mizunguko. Maana yake, kwenye asilimia 90 ya mizunguko pampu inakula asilimia 73 tu ya nguvu, na kwenye asilimia 80 inakula nusu. Tena haijali sana boti inakwenda kasi gani. Hivyo mita ya mizunguko, kwenye boti ya jeti, ni kipimo cha nguvu kilichokaa mbele ya nahodha bure, na hakuna anayekitazama. Chukua boti ya hosi pawa 250 ambayo ikiwa nzima hufika mizunguko 7,500 kwa dakika. Ukiifungulia mafuta yote ikagota kwenye 6,750 na impela ni ileile na ni safi, injini hiyo inakupa 182 hivi. Namba ya kwenye kifuniko isome utakavyo.

Kinyume chake ndicho kinachowapoteza watu. Mizunguko inapanda hadi mwisho, injini inalia kwa sauti kali, na boti haiendi. Hapo pampu inateleza. Labda imenyonya hewa, labda chanja kimeziba kwa majani ya bahari au mfuko wa nailoni (wenzetu wa Kisumu wana gugumaji), labda mchanga umekula ringi inayoizunguka impela. Mwanya kati ya ncha za impela na ringi hiyo ni sehemu ya milimita. Ukipanuka, maji yanarudi nyuma badala ya kusukumwa. Ingiza fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) uone. Au pitisha kidole kwenye ukingo wa impela: ikiwa nzima utahisi ukingo mkali ulionyooka, ikiwa imeliwa utahisi vijino na mabonde. Ikifika hapo, boti ikiondoka utasikia mtikisiko kama kokoto ndani ya debe, na injini itapaza sauti maana mzigo wake umepungua. Kelele zimeongezeka, msukumo umepungua. Halafu mtu anaisifu.

Boti ya injini mbili nayo watu huiogopa kwa kelele. Mbili zinazolingana huongeza desibeli tatu tu juu ya moja. Kinachochosha ni pale zinapopishana mizunguko kidogo, sauti ikawa inapanda na kushuka bila kukoma. Hilo halionekani kwenye karatasi yoyote, na hapa ndipo ninapotilia shaka vipimo vyenyewe. Desibeli A, aina ya desibeli inayotumika karibu kila mahali, hupunguza sauti nzito makusudi. Injini ya silinda nne yenye mipigo minne, kwa mizunguko 3,750, hulipuka mara 125 kwa sekunde, na sauti ya hapo husamehewa desibeli 16. Huo ndio mvumo unaokuumiza kichwa mkirudi polepole jioni. Nimeona boti yenye namba nzuri ambayo abiria hawataki kuipanda tena, na ninawaamini abiria.

Ulaya injini inayozidi kilowati 40 hairuhusiwi kupita desibeli 75, na zikiwa mbili huongezewa 3. Vizuri, lakini hiyo hupimwa mita 25 kutoka kwenye boti. Nahodha hakai huko. Kila umbali ukipungua kwa nusu, sauti huongezeka desibeli sita hivi, kwa hiyo kwenye mita tatu unakaribia 93. Hesabu hiyo ni ya kukadiria, kwa sababu boti ina sauti zinazotoka sehemu nyingi na kifuniko huzuia baadhi. Hata hivyo, mwongozo wa Marekani wa usalama kazini huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane na kukata muda kwa nusu kwa kila desibeli tatu: 94 ni saa moja. Vijana wetu wanabeba watalii kutwa nzima, na wengine bado hawajafika miaka thelathini lakini lazima uwaite mara mbili. Ukiwanunulia boti iliyong'olewa sailensa, unawanunulia uziwi.

Basi ukienda kuijaribu, jaza watu na mafuta kama utakavyoitumia. Toka nje ya kriki, fungulia mafuta yote, andika mizunguko na kasi ya GPS kwenda na kurudi, maana mkondo hudanganya. Kisha shuka hadi mwendo utakaokwenda nao kila siku na ujaribu kuongea na aliye kando yako bila kupaza sauti. Programu ya desibeli ya simu itumie kulinganisha boti na boti, simu ileile, kiti kilekile. Mara nyingi utakuta injini kubwa inayokwenda nusu nguvu ni tulivu kuliko ndogo inayokamuliwa. Mwisho boti ivutwe nchi kavu, ulale chini na tochi, uangalie chanja, impela na ringi kabla hujataja bei.