Kujifundisha kutunga muziki wa piano: dhana potofu na ukweli

Ukitaja mtunzi wa muziki wa klasiki, wengi humwona mtoto mdogo aliyekalishwa mbele ya piano na baba mwanamuziki. Dhana hiyo imewavunja moyo vijana wengi wenye kipaji, na inaniuma. Mtu wa kuijibu ni Toru Takemitsu, mtunzi wa Japani aliyejifundisha mwenyewe kwa sehemu kubwa.

Dhana: Usipoanza utotoni, umeshachelewa.

Takemitsu, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1930, alianza kutunga akiwa na miaka 16. Mwaka 1944, wakati wa vita, alipelekwa kufanya kazi kwenye kambi ya jeshi. Huko alisikia kwa siri santuri ya wimbo wa Kifaransa, na muziki wa Magharibi ukamnasa. Vita vilipokwisha aliugua, na akiwa kitandani akawa anasikiliza redio ya majeshi ya Marekani. Hilo ndilo lililokuwa darasa lake la kwanza.

Dhana: Bila piano huwezi kuandika muziki wa piano.

Yeye hakuwa nayo. Alichora vitufe kwenye karatasi, akavibonyeza huku sauti akizisikia kichwani. Akipita mtaani na kusikia piano ndani ya nyumba ya watu, alibisha hodi akaomba aipige kidogo. Mtunzi mwenzake, Toshiro Mayuzumi, alipopata habari zake alimpelekea piano. Chombo kina umuhimu wake, lakini kukikosa hakukumzuia kuanza.

Dhana: Aliyejifundisha mwenyewe hana mwalimu.

Hii ndiyo inayodhuru zaidi, maana humfanya kijana ajivunie kutojua. Kuanzia mwaka 1948 Takemitsu alipata mafunzo machache kwa mtunzi Yasuji Kiyose. Mtunzi wa Kifaransa Claude Debussy alikuwa amefariki zamani, ila Takemitsu alimhesabu kuwa mwalimu wake mkuu. Kupitia rafiki yake Toshi Ichiyanagi akapata noti za preludi (vipande vifupi) nane za piano za Olivier Messiaen, mtunzi mwingine wa Kifaransa, na athari yake inasikika wazi katika kazi zake. Mwaka 1951 alishiriki kuunda kikundi cha wasanii kiitwacho Jikken Kobo, akakaa na washairi na wachoraji. Alichokosa ni chuo na mtaala. Kusoma alisoma, tena sana.

Dhana: Mhakiki akikukataa, huna kipaji.

Mwaka 1950 kazi yake ya piano, Lento in Due Movimenti, ilipigwa hadharani. Mhakiki mmoja akaandika kwamba hiyo haijafikia hata kuitwa muziki. Takemitsu aliingia sinema, akalia gizani. Lakini mwaka 1957 alimaliza Requiem (muziki wa maombolezo) ya ala za nyuzi, na miaka miwili baadaye mtunzi mashuhuri Igor Stravinsky, akiwa ziarani Japani, aliisikia na kuisifu. Noti za ile Lento zilipotea; mwaka 1989 aliitunga upya, akaiita Litany.

Dhana: Muziki wa aliyejifundisha ni mwepesi.

Hapana. Vipande vyake vya piano vina noti chache kuliko vya wengi, lakini humtaka mpigaji ajue hasa lini akanyage pedali, lini aiachie, na aache sauti ififie kwa muda gani kabla ya kugusa kitufe kinachofuata. Anayetaka kumsikiliza aanze na Rain Tree Sketch II ya mwaka 1992, aliyoiandika kumkumbuka Messiaen, kisha arudi nyuma hadi Litany.