“Hajavunjika Hata Mfupa, Dokta”

Mwezi uliopita nimeisikia tena. Kijana wa bodaboda, alipigwa Ijumaa usiku na wananchi wenye hasira waliomdhania mwizi, kafikishwa kwangu Jumatatu. Kaka yake ameshika bahasha ya kaki yenye picha za eksirei, ndani yake fomu ya PF3 iliyokunjwa mara nne, na anaongea kama anayenipa pongezi: “Tunamshukuru Mungu, dokta, hajavunjika hata mfupa.” Mfuko wa mkojo unaning'inia kitandani. Tangu asubuhi umeingia kama vijiko viwili, rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Nani aliwaambia figo zinauawa na mfupa? Zinauawa na nyama. Fimbo na mateke hutua mgongoni, makalioni na mapajani, yaani palepale kwenye misuli mikubwa kuliko yote. Msuli uliopondwa humwaga mioglobini, protini nyekundu ya msuli, kwenye damu. Protini hii ni ndogo, kama robo ya hemoglobini ya damu, kwa hiyo hupenya chujio la figo bila shida. Shida huanza kwenye mirija: mkojo ukiwa mchache na wenye asidi, inaganda humo na kuziba njia, na madini ya chuma yaliyomo huunguza kuta zake. Wakati huohuo misuli iliyovimba inafyonza maji ya mwili, lita kadhaa, na damu inayofika kwenye figo inapungua. Si jambo geni. Mwaka 1941, London ikipigwa mabomu, madaktari Bywaters na Beall waliandika kuhusu watu waliofukuliwa kwenye vifusi wakiwa na hali ya kuridhisha, kisha figo zikafeli na wakafa siku chache baadaye.

Huyu wetu alipigwa picha, akachomwa sindano ya diklofenaki, akaambiwa akapumzike. Diklofenaki! Dawa inayopunguza damu ya figo, kwa mtu ambaye figo zake tayari zina kiu. Maumivu yana dawa nyingine.

Kwa hiyo nasema, na nitaendelea kusema hadi nistaafu: mtu aliyepigwa sana, kabla ya picha, mpeni kikopo akojoe, muutazame huo mkojo. Kijiti cha kupimia mkojo kikionyesha damu +++ na darubini haioni chembe nyekundu, fikirieni msuli. Pimeni CK, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu msuli ukiumia, na mrudie kipimo kesho yake, kwa sababu hupanda siku ya kwanza hadi ya tatu; ikivuka 5,000 mimi usingizi unapaa. Dripu ya chumvi ianze saa zilezile za mwanzo, kwa kiasi cha kumfanya mtu mzima akojoe mililita 200 hadi 300 kila saa. Jumatatu umechelewa. Asiyekojoa tena, ukimjaza maji unamzamisha mapafu.

Maneno mengine ninayoambiwa nayapitia haraka.

“Ni kichocho hicho.” Kichocho huleta damu yenyewe, mara nyingi mwishoni mwa mkojo, na chembe zake zinaonekana kwenye darubini. Hakianzi usiku mmoja baada ya kipigo.

“Figo kufeli hivi ni kwa waliopigwa tu.” Hapana. Nimewaona waliopata kifafa kisichokatika, waliopigwa shoti, mlevi aliyelalia mkono wake hadi asubuhi, na kijana aliyeanza mazoezi kwa kuchuchumaa mara mia tatu siku ya kwanza ili apige picha.

“Madafu husafisha figo.” Hapa huwa nagombana na akina mama. Mmoja aliniletea mgonjwa wake madafu manne, yamechongwa vizuri kabisa, ikabidi nimwombe ayanywe yeye. Msuli uliokufa tayari unamwaga potasiamu, figo haziitoi, na madafu yamejaa potasiamu. Moyo unaweza kusimama. Kuhusu bia sijibu.

“Mkojo umetakata, amepona.” Mioglobini huondoka mapema. Kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, inaweza kuendelea kupanda huku mkojo ukiwa na rangi ya kawaida, kwa hiyo mgonjwa asikimbilie nyumbani.

“Akianza mashine ya kusafisha damu ndiyo basi.” Kaka yake alikuja na hii, na ilitugharimu usiku mzima wa kikao cha ukoo huku potasiamu ikipanda. Figo zilizofeli ghafla kwa sababu ya misuli, kwa wengi zinaamka baada ya wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Mashine inamshikilia mgonjwa mpaka hapo.

Alisafishwa damu mara saba. Wiki ya tatu mfuko ulijaa mpaka muuguzi akaja kuniita niuone. Nikiwa bado nasoma alama za mililita, kaka yake akaniuliza kama sasa naweza kumwandikia ile sindano ya diklofenaki, maana mgongo bado unamsumbua.