Elizabeth na Darcy: tunavyodhani na kilichoandikwa

Muulize mtu habari za Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwaka 1813, atakwambia ni hadithi ya binti asiye na kitu, Elizabeth Bennet, aliyempata tajiri, Bwana Darcy. Mara nyingi kitabu hajakifungua, ameona filamu tu.

"Walipendana mara walipoonana."

Wapi! Kwenye dansi ya kwanza Darcy anamwambia rafiki yake kwamba Elizabeth si mbaya, ila hana uzuri wa kumvutia yeye. Elizabeth anasikia. Rasimu ya kwanza ya riwaya hii, ya miaka ya 1796 na 1797, iliitwa First Impressions, na kosa la kumhukumu mtu kwa siku ya kwanza ndilo linaloiendesha hadithi. Wickham, mwenye sura na ulimi mtamu, anageuka kuwa laghai. Darcy anapokuja kuposa anakataliwa kwa maneno makali. Kinachoanza kumgeuza Elizabeth ni barua ya Darcy, anayoisoma na kuirudia akitembea peke yake, kisha sifa za Darcy kutoka kwa mtumishi mkuu wa nyumba yake ya Pemberley, aliyemjua tangu utotoni.

Na lile tukio la Darcy kutoka bwawani na shati limemganda mwilini ni la tamthilia ya BBC ya mwaka 1995. Kitabuni yu mkavu.

"Bi. Bennet ni mpumbavu mwenye uchu wa wakwe matajiri."

Mpumbavu, sawa, Austen hamfichi. Lakini tupige hesabu. Huyu mama yake Elizabeth ana mabinti watano, hana mtoto wa kiume. Shamba la Longbourn linaingiza pauni 2,000 kwa mwaka, ila limefungwa kisheria lirithiwe na wanaume pekee. Bwana Bennet akifumba macho, nyumba na ardhi vinakwenda kwa jamaa yao, Bwana Collins. Huyo Collins, katikati ya posa yake, anamkumbusha Elizabeth kwamba fungu lake ni pauni 1,000 tu, tena hatazigusa mpaka mama yake afe. Kwa faida ya asilimia 4 aliyoitaja mwenyewe, hizo ni pauni 40 kwa mwaka. Darcy anaingiza 10,000. Na binti wa tabaka lile hakuwa na kazi ya heshima ya kufanya, labda kwenda kufundisha watoto kwenye nyumba za watu.

Sasa, nani anastahili kuchekwa: mama anayehangaika, au baba anayejifungia maktaba na vitabu vyake bila kuweka akiba?

"Charlotte Lucas alijiuza."

Rafiki huyu wa Elizabeth ana miaka 27, hana uzuri wala mali, na Collins anaposa wanawake wawili ndani ya siku tatu. Elizabeth anakataa, Charlotte anakubali. Anasema wazi hatafuti mapenzi, anataka nyumba yenye utulivu. Baadaye tunamwona amechagua chumba cha kukaa cha nyuma, kisichopendeza sana, ili mumewe asikizoee, na anamhimiza sana alime bustani. Kwangu mimi hapo ndipo penye werevu na huzuni kuliko kwingine kote kitabuni. Austen hamwadhibu. Yeye mwenyewe, Desemba 1802, aliposwa na Harris Bigg-Wither, mrithi wa mali kubwa, akakubali jioni, asubuhi akakataa. Alifariki mwaka 1817 akiwa na miaka 41, hajaolewa.

"Wazungu hawana mambo ya mahari."

Fedha zilikuwepo, njia yake tu ndiyo tofauti: zilikuja na bibi harusi. Georgiana, dada yake Darcy, alikuwa na pauni 30,000, ndiyo maana Wickham alijaribu kumtorosha akiwa na miaka 15. Lydia Bennet, mdogo wake Elizabeth, hakuwa na fungu la maana, na alipotoroka na Wickham huyohuyo, bwana hakuwa na nia ya kuoa hata kidogo. Darcy akawasaka London, akalipa madeni ya zaidi ya pauni 1,000, akamwekea Lydia nyingine 1,000, akamnunulia bwana harusi cheo jeshini. Isitoshe, mpaka sheria za 1870 na 1882 zilipobadilisha mambo Uingereza, fedha za mke zilikuwa za mume, isipokuwa zimefungwa kwa mkataba kabla ya ndoa.

"Elizabeth hakujali mali."

Hili ndilo gumu. Mwenye fungu la pauni 1,000 amekataa posa mbili, na ya pili ni ya bwana wa 10,000 kwa mwaka, kwa hiyo hanunuliki. Lakini anapoiona Pemberley, misitu yake na kijito chake, inampitia kichwani kwamba kuwa bibi wa pale si jambo dogo. Mwishoni dada yake Jane anamuuliza alianza lini kumpenda Darcy. Anajibu: labda tangu nilipoona viwanja vyake vizuri vya Pemberley. Jane anamsihi aache mzaha. Mimi sina hakika kama wote ulikuwa mzaha.