Kabla hujamuuliza mteja shida yake, uliza nani yuko chumbani

Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia, wanafunzi wengi wa ustawi wa jamii walikuwa katikati ya mafunzo kwa vitendo. Nchini Marekani, ambako shahada ya kwanza hudai saa 400 za mafunzo hayo na uzamili saa 900, baraza linalosimamia elimu hiyo liliruhusu aliyetimiza asilimia 85 ahesabiwe amemaliza. Suala la saa likapata jibu. Mimi kama msimamizi wa mafunzo hayo nilibaki na swali jingine: mwanafunzi anayekutana na mteja kwa video tu, anajifunza nini mbele ya kioo cha kompyuta?

Mahojiano yanafundishika, tena vizuri. Mwigizaji anajifanya mteja, mwanafunzi anamhoji, tunarekodi, kisha tunaitazama rekodi pamoja. Pale mteja anaponyamaza na mwanafunzi kukimbilia kuongea, kosa linaonekana bila mimi kusema neno.

Ugumu uko nyumbani kwa mteja. Ukimtembelea, unajua mengi kabla hujauliza: nani kafungua mlango, mtoto anamtazama nani kabla ya kujibu. Kamera inakupa uso na kipande cha ukuta. Aliyekaa ng'ambo ya meza humwoni, na kwa mwanamke anayepigwa, huenda huyo ndiye anayempiga.

Kwa hiyo nawafundisha waanze na maswali ya ndiyo au hapana. Uko peke yako? Kuna mtu anayeweza kutusikia? Wakubaliane neno la siri: mteja akilitaja, mazungumzo yanahamia jambo la kawaida papo hapo, au simu inakatwa. Waulize pia mteja yuko wapi siku hiyo hasa, na wapige namba gani video ikikatika. Huwezi kutuma msaada mahali usipopajua. Na wasimwandikie ujumbe unaotaja shida yake, kwani simu yake inaweza kusomwa na mwingine.

Mwanafunzi mwenyewe nilichelewa kumfikiria. Anasikia habari za mtoto aliyeumizwa, anafunga kompyuta, na bado yuko chumbani kwake anakolala. Hana safari ya kurudi nyumbani ambayo ingempa nafasi ya kupumua kidogo. Sasa kila mahojiano mazito yanafuatwa na dakika kumi na tano za kuzungumza nami, siku hiyohiyo, na swali langu la kwanza linamhusu yeye. Fomu za mteja tunazigusa baadaye.