Maombi Yasiyojibiwa: Dhana Potofu na Ukweli wa Maandiko

Mtu aliyeomba kwa muda mrefu bila kuona jibu hubeba mizigo miwili: haja yenyewe aliyoipeleka mbele za Mungu, na maelezo ya watu kuhusu sababu ya kutojibiwa kwake. Mara nyingi mzigo wa pili ndio unaomlemea zaidi, kwa kuwa maelezo hayo hutolewa kwa jina la Mungu ilhali Maandiko hayayaungi mkono.

“Hujajibiwa kwa sababu imani yako ni haba.” Kauli hii imeenea sana, na naamini ndiyo inayojeruhi kuliko zote, kwa maana humgeuza mgonjwa kuwa mshtakiwa. Ni kweli kwamba Yesu aliwakemea wanafunzi wake kwa uhaba wa imani, lakini hapohapo aliwaambia kwamba imani iliyo kama punje ya haradali inatosha. Baba aliyemletea mwanawe mwenye pepo alikiri waziwazi, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” na mtoto akaponywa. Paulo, kwa upande wake, alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba uliokuwa mwilini mwake, na badala ya kuondolewa mwiba huo akapewa neno hili: “Neema yangu yakutosha.” Yesu mwenyewe aliomba katika bustani ya Gethsemane kwamba kikombe kimwepuke, akarudia ombi lake, kisha akaenda msalabani. Hata hivyo Waraka kwa Waebrania, sura ya 5, unasema kwamba maombi yake aliyoyatoa kwa kulia sana na machozi yalisikilizwa. Kwa hiyo kusikilizwa na kupewa kile kilichoombwa ni mambo mawili, na anayeyachanganya atamhukumu isivyo haki kila mtu ambaye bado anasubiri.

“Lazima kuna dhambi iliyofichika.” Hapa uangalifu unahitajika, kwa sababu Biblia haikatai kwamba dhambi inaweza kuzuia maombi, Isaya 59 inasema hivyo, na Yakobo anawaonya wanaoomba kwa nia mbaya. Kosa ni kuifanya sababu hiyo kuwa kanuni ya kila hali. Zakaria na Elisabeti wanatajwa na Luka kuwa wenye haki mbele za Mungu, nao walizeeka bila mtoto kabla malaika hajasema kwamba dua ya Zakaria imesikiwa. Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, Yesu alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Dhambi ambayo mtu anaijua na aitubu. Lakini kumlazimisha ajichunguze mwaka baada ya mwaka akitafuta kosa asilolijua ni kumtesa bure.

“Anayemlalamikia Mungu amekosa imani.” Anayeamini hivi hana budi kuziruka Zaburi nyingi, kwa maana takriban theluthi ya zaburi zote 150 ni maombolezo. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Mungu atamsahau mtumishi wake hata lini. Nyingi kati ya hizo hugeuka kuwa sifa kabla ya kwisha, ila Zaburi ya 88 haigeuki: inaanza kwa kilio na kumalizika gizani, na bado iliwekwa katika kitabu cha ibada cha watu wa Mungu. Habakuki alimwuliza Bwana atalia hata lini pasipo kusikiwa, naye hakukemewa kwa kuuliza. Kwa Ayubu jambo hili liko wazi zaidi. Yeye alilalamika kwa maneno makali, huku rafiki zake wakimtetea Mungu kwa hoja zilizopangika vizuri. Mwishoni Mungu aliwakasirikia rafiki hao na kusema kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Ayubu alikuwa bado anasema na Mungu, lakini wao walikuwa wakisema kuhusu Mungu tu. Anayelia mbele za Mungu hajamwacha, kwa kuwa bado anaamini kwamba yupo wa kumsikia na kwamba ana haki ya kumwendea.

“Nisipomhisi, ameniacha.” Hisia hubadilika kwa sababu nyingi, zikiwemo uchovu, msiba na kukosa usingizi. Mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hupoteza ladha ya mambo yote aliyoyapenda, na sala huenda ikawa mojawapo. Mtu wa namna hiyo anahitaji daktari pamoja na maombi, wala kutafuta tiba si kumkana Mungu. Barua za Mama Teresa wa Calcutta, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba aliishi katika giza la kiroho kwa karibu miaka 50 huku akiendelea kusali na kuwahudumia maskini.

“Kukawia ni kukataliwa.” Wakati mwingine Mungu hukataa kweli, kama Musa alivyokatazwa kuvuka Yordani. Lakini Monika, mama yake Agostino aliyekuja kuwa mwalimu mkuu wa Kanisa la kale, aliomba kwa machozi mwanawe asisafiri kwenda Roma, akasafiri. Na safari ileile ndiyo iliyomfikisha Milano, alikobatizwa mwaka 387. Agostino aliandika baadaye kwamba Mungu alimnyima mama yake alichoomba siku ile ili ampe alichokuwa akikiomba siku zote, yaani kuongoka kwa mwanawe.

“Muumini imara huvumilia peke yake.” Yesu aliwaomba wanafunzi watatu wakeshe pamoja naye usiku wa huzuni yake. Anayeishiwa na maneno ya kuomba anaweza kuzisoma zaburi zilizotajwa hapa kama sala yake, au kumwambia mwenzake mmoja mwaminifu amwombee katika kipindi ambacho yeye mwenyewe hawezi. Mtu mwenye kupooza katika Marko 2 alibebwa na watu wanne hadi juu ya dari, na Marko anaandika kwamba Yesu aliiona imani yao. Hatuambiwi kwamba mgonjwa mwenyewe alisema neno lolote.